Hofu ya Mgawo wa Matibabu katika Mageuzi ya Afya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

Mgawo wa matibabu ni nini hasa?

Ni hali ambayo tiba yenye manufaa kwa mgonjwa haitolewi, au inacheleweshwa, kwa sababu fedha, vifaa, viungo au wataalamu havitoshi kumhudumia kila anayeihitaji. Daktari anayekataa kumwandikia mgonjwa wa mafua ya kawaida dawa za kuua bakteria hajafanya mgawo, kwa kuwa dawa hizo hazimsaidii. Mgawo huanza pale ambapo tiba ingesaidia na bado mtu akaikosa.

Mgawo unaweza kufanywa kwa bei, kwa foleni, kwa orodha ya huduma zinazolipiwa, kwa masharti ya kampuni ya bima, au kimyakimya na daktari anayejua kwamba kitanda kimebaki kimoja. Siasa za Marekani huhofia zaidi aina moja tu, yaani mgawo unaofanywa na serikali kwa kanuni iliyoandikwa, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya mgawo bila kuzungumzia jambo lile lile.

Je, kupinga mageuzi ya afya kwa hofu ya mgawo kulianza na mageuzi ya Rais Barack Obama?

Hapana. Rais Harry Truman alipopendekeza bima ya afya ya taifa mwaka 1945, na tena baada ya kushinda uchaguzi wa 1948, Chama cha Madaktari cha Marekani kilimpinga kwa kampeni ya fedha nyingi, kikisema kwamba serikali itaingia katikati ya daktari na mgonjwa. Mwaka 1961 chama hicho kilisambaza santuri yenye hotuba ya mwigizaji Ronald Reagan, ambayo wake wa madaktari waliwaalika majirani kuisikiliza kwenye vikao vya kahawa. Alionya kwamba serikali ikianza kulipia matibabu ya wazee, haitakawia kumwambia daktari mji gani afanyie kazi. Medicare, bima ya umma ya wazee, ilitiwa saini hata hivyo tarehe 30 Julai 1965, na miongo minne baadaye wapinzani wa mageuzi walikuwa wakijitangaza kuwa walinzi wake.

Kisha likaja jaribio la Rais Bill Clinton la 1993 na 1994. Chama cha kampuni za bima kililipia matangazo ya televisheni ya mume na mke, Harry na Louise, walioketi nyumbani wakipitia bili na kuhuzunika kwamba watumishi wa serikali watawachagulia bima. Mswada ulikufa bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Lililofuata halikuwa uhuru wa kuchagua. Waajiri wengi waliwahamishia wafanyakazi wao kwenye mipango ya bima iliyobana huduma, hadi Bunge likalazimika mwaka 1996 kupitisha sheria inayozuia bima kukataa kulipia angalau saa 48 za mama kubaki hospitalini baada ya kujifungua kwa kawaida. Waliobana huduma safari hii walikuwa watu wa kampuni binafsi.

Medicare na Medicaid zinatofautianaje?

Medicare ni bima ya serikali kuu kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu na wagonjwa wa figo. Medicaid ni bima ya watu wa kipato cha chini, inayogharimiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo, na kila jimbo lina nafasi kubwa ya kuamua linalipia nini. Tofauti hii ina uzito wa kisiasa: wazee hupiga kura kwa wingi, maskini hupiga kwa uchache, na mgawo unaowagusa wa kwanza hupigiwa kelele kuliko unaowagusa wa pili.

## Mwaka 2009 na "kamati za kifo"

"Kamati za kifo" zilitoka wapi?

Mswada wa mageuzi ya afya ya Obama uliokuwa Baraza la Wawakilishi kiangazi cha 2009 ulikuwa na kifungu cha 1233, kilichotaka Medicare imlipe daktari pale mgonjwa anapotaka kuzungumza naye kuhusu huduma anazozitaka maisha yanapofikia ukingoni: kama angependa mashine ya kupumulia, nani amsemee akipoteza fahamu, na kadhalika. Malipo hayo yangeweza kutolewa mara moja kila miaka mitano, au mapema zaidi hali ya mgonjwa ikibadilika. Mtetezi wake mkuu alikuwa Mbunge Earl Blumenauer wa Oregon, na wazo la kupanga mapema lilikuwa na marafiki hata katika Chama cha Republican.

Julai mwaka huo Betsy McCaughey, aliyewahi kuwa makamu wa gavana wa New York na ambaye makala yake ya 1994 ilikuwa imeusumbua mswada wa Clinton, alidai redioni kwamba kifungu hicho kingewalazimisha wazee kuelezwa namna ya kukatisha maisha yao mapema. Tarehe 7 Agosti Sarah Palin, aliyekuwa amejiuzulu ugavana wa Alaska siku chache kabla, aliandika kwenye Facebook kwamba wazazi wake au mtoto wake mwenye ugonjwa wa Down wangelazimika kusimama mbele ya "kamati ya kifo" ya Obama ili watumishi wa serikali waamue kama wanastahili matibabu. Siku chache baadaye Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mmoja wa Warepublican waliokuwa bado mezani kwenye mazungumzo, aliwaambia wapiga kura wake kwamba wana haki ya kuogopa.

Je, kamati hizo zilikuwamo katika mswada?

Hazikuwamo. Hakuna kifungu kilichoanzisha chombo cha kumhukumu mgonjwa mmoja mmoja, na mazungumzo na daktari yalikuwa ya hiari. Tovuti ya kukagua ukweli ya PolitiFact iliyapa madai hayo jina la uongo wa mwaka 2009, na Obama mwenyewe aliyakanusha mbele ya mabunge yote mawili tarehe 9 Septemba. Hata hivyo, kura ya maoni ya kituo cha Pew ya Agosti ilionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa wamesikia habari hizo, takriban watatu kati ya kumi waliziamini.

Kwa nini watu waliamini jambo ambalo halikuandikwa?

Kwa sababu liliangukia juu ya wasiwasi uliokuwa na msingi. Mageuzi yalipangwa kugharimiwa kwa sehemu kubwa na kupunguza ongezeko la matumizi ya Medicare, kiasi cha karibu dola bilioni 500 kwa miaka kumi. Mzee anayesikia kwamba mamilioni ya watu wapya wataingia kwenye bima, na kwamba fedha zitatoka kwenye mfuko unaomlipia yeye, hahitaji kudanganywa ili aulize nani atakosa. Jibu la watetezi, kwamba akiba itatokana na kuondoa upotevu na malipo ya ziada kwa kampuni za bima, lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini lilisemwa kwa lugha ya wahasibu.

Tena kulikuwa na maandalizi. Mtaalamu wa maneno wa Republican, Frank Luntz, alikuwa amewaandikia wanasiasa waraka miezi kadhaa kabla, akiwashauri wasibishane na hitaji la mageuzi bali wazungumzie Washington kuteka huduma za afya, kuchelewesha matibabu na kuyanyima. Mikutano ya wabunge na wananchi ya Agosti ilijaa sauti hizo.

Mimi naona kosa la watetezi lilikuwa kukanusha mgawo wote badala ya kukanusha uongo huu mmoja. Waliposema hakuna kitakachogawanywa, kila mgonjwa aliyewahi kukataliwa na bima alijua kwamba hilo haliwezi kuwa kweli.

Kifungu hicho kiliishia wapi?

Hakikuwamo katika sheria ya mageuzi iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Wizara ya afya ilijaribu kuyaingiza mazungumzo hayo kupitia kanuni za Medicare zilizoanza Januari 2011, ikayaondoa ndani ya siku chache baada ya gazeti kuandika habari zake. Mwaka 2016 Medicare ilianza kuwalipa madaktari kwa mazungumzo yale yale, na safari hii hapakuwa na ghasia yoyote ya maana.

## Vyombo vilivyoogopwa

Bodi ya ushauri ya malipo ya Medicare ilikuwa nini?

Hiki ndicho kifungu ambacho wapinzani wangeweza kukisimamia kwa hoja nzito zaidi. Sheria hiyo ya 2010 ilianzisha bodi ya watu 15 wa kuteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Matumizi ya Medicare yakipanda kupita kiwango kilichowekwa, bodi ingependekeza namna ya kuyapunguza, na mapendekezo yangetekelezwa yenyewe isipokuwa Bunge lipitishe njia nyingine. Sheria iliikataza kwa maneno ya wazi kupendekeza mgawo wa matibabu, kupandisha michango ya wazee au kupunguza huduma zao.

Wapinzani walijibu kwamba bodi isiyoweza kugusa huduma wala michango itabaki na silaha moja tu, yaani kupunguza malipo ya madaktari na hospitali, na daktari anayelipwa kidogo ataacha kupokea wagonjwa wa Medicare. Huo ni mgawo kwa mlango wa nyuma, na hoja hiyo iliwavuta hata baadhi ya Wademocrat. Kwa vyovyote vile, hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye bodi hiyo: kiwango cha matumizi hakikufikiwa, na Bunge liliifuta Februari 2018.

Na utafiti wa kulinganisha tiba?

Sheria ilianzisha taasisi ya kugharimia utafiti wa kulinganisha tiba, ili ijulikane ipi inafanya kazi vizuri zaidi kuliko nyingine. Kwa hofu kwamba matokeo yatatumika kunyima huduma, Bunge liliikataza kutumia gharama kwa kila mwaka wa maisha yenye afya kama kipimo cha kuamua tiba gani ipendekezwe (tazama swali la Uingereza na lile la watu wenye ulemavu).

Novemba 2009 ilionyesha jinsi uwanja ulivyokuwa umewaka moto. Jopo la wataalamu la serikali lilishauri kwamba wanawake wa miaka 40 hadi 49 wasifanyiwe kipimo cha matiti kwa utaratibu wa kawaida, bali kila mmoja aamue na daktari wake. Ushauri huo ulihusu faida na madhara ya kipimo, wala haukuhusu fedha, lakini ulitangazwa kwenye televisheni kama mwanzo wa mgawo. Wabunge walikimbilia kuandika kwamba kipimo kitaendelea kulipiwa. Jopo lenyewe lilibadili ushauri mwaka 2024 na kupendekeza kipimo kuanzia miaka 40.

Donald Berwick alisema nini hadi akakosa kuthibitishwa?

Berwick, daktari wa watoto na mtaalamu wa ubora wa huduma, aliteuliwa mwaka 2010 kuongoza idara inayosimamia Medicare na Medicaid. Katika mahojiano ya mwaka uliotangulia alikuwa amesema kwamba suala si kama tutagawa matibabu au la, bali kama tutayagawa macho yetu yakiwa wazi. Aliwahi pia kuusifu mfumo wa afya wa Uingereza. Obama alimweka kazini wakati Seneti iko mapumzikoni, na mwishoni mwa 2011 akaondoka kwa kuwa kura za kumthibitisha hazikuwapo. Tangu hapo, viongozi wa ngazi yake wamejifunza kutotamka kile ambacho wanakijua.

## Mifano inayotajwa na pande zote mbili

Uingereza inagawa matibabu kweli?

Ndiyo, na haifichi. Tangu 1999 taasisi iitwayo NICE hupima kama dawa mpya inastahili bei yake, na kwa miaka mingi kipimo chake kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya ambao dawa inaongeza. Dawa kadhaa za saratani zilikataliwa kwa kigezo hicho, wagonjwa wakaandamana, na mwaka 2011 serikali ikaanzisha mfuko maalumu wa dawa za saratani nje ya utaratibu huo. Wakosoaji wa Marekani wana haki ya kuutaja mfano huu.

Ila wengine walivuka mpaka. Mwaka 2009 gazeti moja la biashara la Marekani liliandika katika tahariri kwamba mwanafizikia Stephen Hawking asingekuwa na nafasi ya kuishi chini ya mfumo wa Uingereza. Hawking, Mwingereza aliyeishi na kutibiwa Uingereza, alijibu kwamba bila mfumo huo asingekuwa hai.

Ni kweli kwamba jimbo la Oregon liliandika orodha ya mgawo?

Ni kweli, na ndilo jaribio la wazi kuliko yote Marekani. Mwaka 1987 Oregon ilisitisha malipo ya upandikizaji wa viungo kwa wagonjwa wa Medicaid ili fedha zitumike kwa huduma za watu wengi zaidi. Mtoto wa miaka saba mwenye saratani ya damu alifariki huku familia yake ikichangisha fedha hadharani. John Kitzhaber, daktari wa chumba cha dharura aliyekuwa rais wa Seneti ya jimbo, alidai kwamba kosa halikuwa kugawa bali kugawa bila kanuni, na mwaka 1989 jimbo lilipitisha sheria ya kupanga huduma zote kwa umuhimu, kisha kuchora mstari pale fedha zinapoishia.

Orodha ya kwanza, iliyotegemea hesabu ya gharama na faida, iliaibisha: taji la jino liliwekwa juu ya upasuaji wa kidole tumbo, ambao bila huo mtu hufa. Ikaandikwa upya kwa kuzingatia maoni ya wananchi na busara ya madaktari. Serikali ya Rais George H. W. Bush iliikataa mwaka 1992 kwa hoja kwamba ilikiuka haki za watu wenye ulemavu; serikali ya Clinton iliikubali baada ya marekebisho, na mpango ukaanza Februari 1994 ukilipia huduma 565 kati ya 696.

Kilichotokea baadaye husahauliwa na pande zote mbili. Mstari haukuwanyima watu wengi kama ilivyoogopwa, kwa kuwa madaktari walipata njia za kuuzunguka, na akiba haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Lakini wakazi wengi wa kipato cha chini waliokuwa hawana bima kabisa walipata bima. Ukiuliza kama Oregon ilipunguza matibabu au iliyaongeza, jibu linategemea kama unamhesabu aliyekuwa nje ya mlango.

Kabla ya Oregon, kulikuwa na kamati halisi ya kuamua nani aishi?

Ilikuwapo, Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo zilikuwa chache mno, hivyo uchaguzi ulikabidhiwa jopo la watu saba ambao majina yao hayakutangazwa, wengi wao raia wa kawaida. Walipima ndoa, idadi ya watoto, kipato, hata kuhudhuria kanisani. Habari zilipochapishwa mwaka 1962 nchi ilishtuka. Serikali haikuiunda kamati ile. Serikali ndiyo iliyoimaliza, pale Bunge lilipoamua mwaka 1972 kwamba Medicare itawalipia takriban wagonjwa wote wa figo zilizoshindwa kufanya kazi.

## Hali ya kila siku

Bila mageuzi ya serikali, Marekani haina mgawo?

Inao mwingi, na unafanana na mgawo wa umeme unaokata mtaa mmoja tu kila siku: walio mitaa mingine husema umeme upo. Kabla ya 2010, takriban watu milioni 46 hadi 50 hawakuwa na bima. Sheria ya 1986 huzilazimisha hospitali zenye chumba cha dharura kumtuliza kila anayefika akiwa taabani, lakini haimlazimishi yeyote kumpa mtu huyo dawa za kisukari mwezi unaofuata.

Wenye bima nao hukutana na kibali cha awali, yaani sharti kwamba kampuni ikubali kabla daktari hajafanya kipimo au kuanza tiba. Sheria ya 2010 ilileta haki ya rufaa kwa mkaguzi wa nje, haki ambayo wagonjwa wachache huitumia.

Serikali za majimbo pia hugawa. Oktoba 2010, mwaka mmoja na ushee baada ya gumzo la kamati za kifo, Arizona chini ya Gavana Jan Brewer, mpinzani wa mageuzi ya Obama, ilifuta malipo ya aina kadhaa za upandikizaji kwa watu wazima wa Medicaid. Takriban wagonjwa mia moja walikuwa wakisubiri. Malipo yalirudishwa Aprili 2011, baada ya baadhi yao kufariki.

Kwa nini orodha ya kusubiri viungo haipingwi kama mgawo?

Kwa sababu uhaba wake unaonekana kwa macho: figo na maini hayachapishwi kama noti. Sheria ya 1984 ilipiga marufuku kuuza viungo na kuanzisha mtandao wa kitaifa, na tangu 2002 maini hugawiwa hasa kwa kuangalia nani yuko karibu zaidi na kifo. Watu hubishana juu ya vigezo, lakini ni wachache wanaodai kusiwe na vigezo.

## Masuala magumu zaidi

Watu wenye ulemavu wanapinga mgawo kwa sababu za kichama?

La. Kipimo cha mwaka wa maisha yenye afya humpa anayeishi na ulemavu alama pungufu kwa kila mwaka, kwa hiyo tiba inayorefusha maisha yake huonekana na thamani ndogo. Hoja hii ilitumiwa dhidi ya Oregon, na tangu hapo imewaunganisha wahafidhina na watetezi wa haki wa mrengo wa kushoto. Mwaka 2024 serikali ya Rais Joe Biden ilitoa kanuni inayozuia matumizi ya vipimo vya aina hiyo kuwanyima huduma. Anayeicheka hofu ya 2009 yote kwa jumla anapaswa kutenga sehemu hii.

Uviko ulileta mgawo wa wazi?

Ulileta. Septemba 2021 Idaho, jimbo la Republican, lilitangaza viwango vya huduma wakati wa janga kwa jimbo zima, maana yake hospitali ziliruhusiwa kuamua nani apewe kitanda au mashine pale visipotosha. Mapema mwaka 2020 wizara ya afya ilikuwa imekumbusha kwamba sheria za ulemavu haziahirishwi na janga, na Alabama iliondoa mwongozo wa zamani uliowataja watu wenye ulemavu mkubwa wa akili.

Je, hoja hii bado inatumika?

Inatumika, imehamia kwenye dawa. Sheria ya 2022 iliiruhusu Medicare kujadiliana bei na watengenezaji, dawa kumi za kwanza zikipata bei mpya kuanzia 1 Januari 2026. Wapinzani wanasema bei ikishushwa, kampuni zitatafiti dawa chache, na mgonjwa wa kesho atanyimwa tiba ambayo haitazaliwa. Ni hoja ya kweli ya kiuchumi, yenye ubishi juu ya ukubwa wa athari, na haihitaji kamati yoyote ya kubuni.

Mzazi wangu anazungumza Kiswahili tu, amelazwa hospitali ya Marekani, nao wameleta fomu kuhusu mashine ya kupumulia. Ndiyo kamati ya kifo?

Siyo. Sheria ya 1990 huzitaka hospitali zinazopokea fedha za Medicare au Medicaid kumweleza kila mgonjwa mtu mzima anayelazwa kwamba ana haki ya kuandika maelekezo ya mapema, yaani maandishi ya kueleza matibabu anayoyataka au asiyoyataka akishindwa kujisemea. Kuandika ni hiari, hospitali hairuhusiwi kumnyima matibabu kwa kutokuandika, na maelekezo yanaweza kudai matibabu yote kama yanavyoweza kuyakataa. Mzazi anaweza kuyabadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu.

Ombeni mkalimani wa hospitali, ambaye hamtakiwi kumlipa, na msikubali mtoto au mjukuu atafsiri mazungumzo hayo. Mtu muhimu kuliko maneno ya fomu ni yule ambaye mzazi atamtaja kuwa msemaji wake, hasa ndugu wakiwa wametawanyika kati ya Ohio, Goma na Dar es Salaam na kila mmoja akipiga simu na maoni yake. Fomu nyingine, ile inayosainiwa na daktari na kuwa amri ya kitabibu, ni ya mgonjwa mahututi au aliyedhoofika sana. Mkiletewa hiyo, ulizeni kwanza ugonjwa umefikia wapi kabla ya kuweka saini.